Mwenzangu wa Jikoni

Liuli,
20 Novemba 1994

Mwanangu Aidan,

Barua hii ikukute mzima, na umekula. Sisi huku tupo. Dada yako Glorious amejifungua salama mtoto wa kike, wamempa jina langu, kwa hiyo ukisikia Edina amelia kutwa nzima usishtuke, si mimi. Yule mbuzi wa pembe moja amekufa. Dagaa wetu wa usipa mwaka huu ni wengi mno, tumeanika mpaka kwenye mawe ya kanisa, Mchungaji anahubiri huku kunguru wanamsaidia. Jirani yetu Mama Getrude anakusalimu. Bado anasema samaki wetu wananuka, na tangu aolewe huku kutoka Namswea milimani anawala hivyohivyo huku akisema wananuka.

Maembe yameanza kuanguka. Yanapiga bati kama mawe ya ugomvi. Nimepika rojo la maembe, lile ulilokuwa ukililamba mpaka mwiko unakuwa kama umeoshwa. Lakini safari hii chupa mbili zilichacha, na moja ikarusha kifuniko Mchungaji akiwa hapa kwetu anaomba, amefumba macho. Akasema amina kabla hajamaliza.

Sasa neno lililonikalisha chini. Barua yako ya mwisho ulieleza mvua ya Morogoro, ukaeleza mlima na mawingu yake, ukaeleza hata paka wa jirani. Kazi hukuitaja. Mimi nimeishia darasa la tatu, lakini kusoma kisichoandikwa nakuweza. Kiwandani hawajambo? Yule bwana mkubwa aliyekuwa anakusifu hajambo? Redio ya Mama Getrude inasema viwanda vinauzwa. Nimemwambia kiwanda si mbuzi, kitauzwaje na watu wakiwa ndani? Nijibu hilo tu, mengine ni nyongeza.

Mwandiko umelala kwa sababu naandikia juu ya goti moja, na Edina mdogo yuko kwenye goti la pili.

Mama yako,
Edina


Morogoro,
18 Desemba 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na matope ya Mbinga juu ya bahasha, nikayaacha yakauke nikayatazama. Hongera kwa kupata mjukuu, mwambie Glorious nimefurahi. Pole kwa mbuzi. Mimi ni mzima, na nakula.

Kiwandani ni shwari, hakuna ugomvi wala kelele. Bwana mkubwa alisafiri, hajarudi.

Mama, nina haja na lile rojo lako. Hapa maembe yanashuka kutoka milimani mpaka yanaoza sokoni, watu wanayaruka kama madimbwi. Sasa kuna mhandisi mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao aliuza vyombo vyake, nami nikapata chungu cha umeme. Tumbo lake ni la udongo mzito, moto wake hauonekani, na kinapika polepole kweli, unakiwasha jioni asubuhi ndiyo kimemaliza. Kilikuja na kijitabu cha picha. Humo wanapika matunda mpaka yanakuwa mazito ya kupaka kwenye mkate, wanayaita siagi ya matunda. Nimeangalia ile picha nikasema, kumbe hili ni rojo la mama limevaa tai. Naomba uniandikie unavyofanya, tangu embe likiwa na ganda mpaka chupa inapofungwa. Usiruke kitu.

Wala usihuzunike kwamba naishi peke yangu. Siku hizi nina mwenzangu jikoni. Mpole, hapayuki, hachagui chakula, anapika usiku kucha nami nimelala.

Mwanao,
Aidan


Liuli,
22 Januari 1995

Mwanangu Aidan, pamoja na mwenzako ambaye jina lake hukuliandika,

Amani iwe humo ndani mwenu. Huku wote wazima, Edina mdogo ameota jino moja na analitumia. Barua yako niliisoma, nikaisoma tena, kisha nikampelekea Mama Getrude asome pale mwisho, nisije nikawa nimedanganywa na macho. Akasoma: nina mwenzangu. Akajifunga kanga, akatoka. Yeye akitoka, habari imetoka. Jumapili iliyofuata Umoja wa Akina Mama walinipigia vigelegele kabla sijafika kwenye benchi, na Mchungaji akaniuliza kama aanze kutangaza ndoa. Nimemwambia asubiri jina.

Lakini mwanangu, mbona umetanguliza chungu ukamweka mtu mwishoni? Chungu umekieleza tumbo lake, umemtaja na aliyekiuza. Mtu umempa mistari miwili. Ni wa wapi? Wazazi wake wanajua? Ni wa kanisa gani? Akiwa Mkatoliki si neno, Mama Getrude ni Mkatoliki na bado hajatuuma. Ni mpole, nimefurahi. Hapayuki, nimefurahi zaidi. Lakini apike usiku kucha wewe umelala, hapana. Sikukulea hivyo. Mwanamke si mlinzi wa ghala. Mwache alale, na wewe ushike mwiko.

Na hilo neno siagi lifute. Siagi hutoka kwa ng'ombe. Embe halina kiwele. Kama mkwe wangu ametia maziwa humo, mwambie kwa upole kwamba sikukasirika, nimesikitika tu.

Mwambie afanye hivi. Achukue maembe yaliyoiva yenyewe mtini, yale ya nyuzi ndiyo matamu, ila ayachuje, la sivyo mtakula na kushona kwa pamoja. Amenye, akate nyama yote, aiweke chunguni na maji kidogo ya kulowesha chini tu, embe lina maji yake. Yakilainika ayasugue kwenye chekecheo. Uji unaopatikana urudi motoni, na moto uwe wa makaa yaliyokwisha kiburi. Sukari isitangulie. Ikitangulia inashuka chini na kushika. Ingoje mpaka uji uanze kuwa mzito, ndipo iingie na karafuu chache na maji ya ndimu. Akoroge akifikiria chini ya chungu, si juu, maana juu huwa pazuri siku zote. Rojo likianza kusema pwata, pwata, kama mtu mnene anayetembea kwenye matope, liko karibu.

Kazi hukunijibu. Umeandika shwari. Ziwa nalo huwa shwari, na siku hiyo hatupati samaki.

Mama yenu,
Edina


Morogoro,
12 Machi 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Nasikia mvua imekata barabara ya kwenda ziwani na malori yamelala Mbinga, kwa hiyo sijui barua hii itakukuta mwezi gani. Nawasalimu wote, na jino la Edina nalisalimu.

Salamu zako zimefika jikoni kama ulivyoagiza. Mwenzangu hakusema kitu, ndivyo alivyo. Kwao ni ng'ambo, hapa mjini hana ndugu. Kanisani sijawahi kumwona. Naomba tusimharakishe.

Tulifanya kama ulivyoandika, mama, lakini tumepata hasara. Kwanza rojo lilibaki jepesi. Ule mvuke unapanda kwenye kifuniko, unageuka maji, unarudi ndani, asubuhi nakuta supu. Pili kuna huu mgao wa umeme. Unakatika ukitaka na kurudi ukitaka, na chungu kikipoa katikati ya safari rojo linakaa vuguvugu mpaka kunakucha, na kukikucha limeshapata mawazo yake. Tatu chupa. Mwalimu mmoja alikuja akakaa, akasema hiki ni kitu cha maana sana, akashika chupa aisome, kifuniko kikamrukia. Shati lilikuwa jeupe. Hajarudi.

Naomba uniambie hasa chupa unazifanyaje zikae miezi bila friji, na unajuaje kwa hakika kwamba limeiva. Huo mlio wa pwata mimi siusikii, chungu hiki ni cha ustaarabu, hakitoi sauti.

Kuhusu kazi usiwe na wasiwasi. Kazi hazikosekani, siku hizi kila mtu na ujanja wake.

Mwanao,
Aidan


Liuli,
30 Aprili 1995

Mwanangu Aidan, na mkwe wangu,

Kristo amefufuka, na sisi tumebaki wazima. Pasaka tulikula wali na samaki mbasa, Glorious alikuja na mumewe, Mama Getrude alileta maharage ya kwao akasema tule chakula kisichonuka. Barua yako ya Machi imefika juzi. Nayo ilikuwa na nukta ya mafuta, nikainusa, ni karafuu.

Mkwe wangu haendi kanisani. Sawa. Hana ndugu. Sawa. Hasemi. Mwanangu, mtu asiyesema, asiye na ndugu, asiyekwenda kanisani, anapika usiku kucha. Umoja wananiuliza habari zake na mimi nawajibu ni mpole. Nimewaambia mpole mpaka neno limechakaa. Msichana akifichwa sana watu huanza kumtengenezea sura, na Mama Getrude ameshamtengenezea kengeza.

Haya, mwambie. Kifuniko akiweke kando. Kifuniko ni cha kulainishia maembe tu, uji ukisharudi chunguni maji yatatokea wapi kama mlango umefungwa? Afunike na kitambaa chepesi kwa ajili ya nzi, basi. Umeme ukikatika asikae kuungoja. Ahamishie kwenye sufuria, awashe mkaa saa hiyohiyo. Rojo haliisubiri serikali.

Kujua limeiva, aweke sahani kwenye maji baridi, aifute, adondoshee kijiko kimoja. Maji yakitoka pembeni na kulizunguka kama pete, bado. Likikaa peke yake bila pete, limeiva. Hivyo alinifundisha nesi wa misheni nilipokuwa naosha vyombo vyake, na yeye hakuniambia siagi.

Chupa zichemshwe na vifuniko vyake, kitambaa kiwe chini zisigongane. Zisifutwe ndani na kitu chochote. Rojo liingie likiwa linachemka na chupa ikiwa ya moto, lijae mpaka karibu na mdomo. Mdomo ndio ufutwe. Afunge, aigeuze kichwa chini mpaka ipoe. Halafu abonyeze kifuniko katikati. Kikitulia, chupa hiyo itakaa mpaka maembe mengine. Kikiruka chini ya kidole, iliwe kesho, asiwauzie wala asiwagawie watu. Hata mimi zile chupa zangu mbili niliziwahi zikiwa baridi kwa sababu ya kukimbilia kuzaa kwa Glorious.

Sasa jambo lenyewe. Othmar, mdogo wake Mama Getrude, anaendesha lori la hawa wanunuzi wapya wa kahawa. Kahawa bado, kwa hiyo anabeba mahindi kwenda Dar es Salaam, na atapita hapo kwako. Nimempa kanga ya mkwe wangu, doti nzima, nyekundu na nyeusi. Jina la kanga nililichagua mwenyewe, mwenye duka alimaliza kunisomea kanga zote za dukani ndipo nikaridhika. Imeandikwa ALIYEKUPENDA NIMEMPENDA. Othmar ataitia mkononi mwa mkwe wangu, si mkononi mwako. Nimemwapisha.

Mama yenu,
Edina


Morogoro,
4 Juni 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua imewaachia. Mimi ni mzima.

Othmar alifika salama. Bahati mbaya siku hiyo mwenzangu hakuwepo, hali yake haikuwa nzuri tangu umeme uliporudi kwa nguvu, yuko kwa mtu anayemtazama. Othmar alisimama mlangoni na kanga muda mrefu kwa sababu ya kiapo chako. Mwisho aliiweka juu ya meza akasema meza si mkono wa mtu, kwa hiyo hajavunja neno. Akanywa chai na mkate, akamaliza rojo, akalamba na kisu.

Maembe yamekwisha, tumehamia mapera. Mbegu zake ni kokoto tupu, chekecheo moja limepasuka. Lakini mama, sahani ya baridi imenifungua macho. Pete hakuna. Vifuniko vimetulia. Nimempa Othmar chupa mbili akuletee, tangu zifungwe hazijaruka. Samahani kwa karatasi iliyobandikwa juu, imeandikwa siagi, niliziandika nyingi kabla barua yako haijafika.

Wasalimie Umoja.

Mwanao,
Aidan


Liuli,
2 Julai 1995

Mwanangu Aidan,

Huku baridi imeingia, ziwa linapiga kelele, wavuvi wamekaa wanashona nyavu na kusengenya. Edina mdogo anasimama akishika kiti. Glorious hajambo.

Othmar amerudi. Nilimuuliza habari za mkwe wangu naye akaomba maji. Nikamuuliza tena. Akasema mlangoni kwako kuna ndala jozi moja, na ni za miguu mikubwa. Nikamwambia labda mkwe wangu ni mrefu. Akasema bakuli ni moja, kikombe ni kimoja, cha pili ulikiazima kwa jirani ili yeye anywe. Nikamwambia wapenzi wapya hula pamoja. Akasema, "Mama Aidan, mimi ni dereva tu." Akaenda zake.

Uliandika yuko kwa mtu anayemtazama. Mama Getrude akasema ni mimba hiyo. Nilifurahi kwa muda wa kuvuka ua, kisha nikakumbuka uliandika tangu umeme uliporudi kwa nguvu. Mimi nimezaa, mwanangu. Umeme hauhusiki.

Basi nikafungua chupa. Kifuniko kilikuwa kimekamatwa barabara, nikaingiza ncha ya kisu kikapumua, nikasema huyu amesikia. Nikaonja. Rojo zito, laini, karafuu kiasi, ndimu ipo. Na chumvi ipo.

Chumvi sikuiandika. Rudi kwenye barua zangu utazame, nimeandika sukari, karafuu, ndimu, hakuna chumvi. Nesi wa misheni hakutia. Glorious hatii. Mimi katika maisha yangu nimeona watu wawili tu wanaotia chumvi kwenye rojo, na mmoja ni baba yako.

Baba yako alipokwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini, barua zake za kwanza zilijaa kazi. Aliandika jinsi wanavyoshuka chini ya ardhi, aliandika jina la msimamizi, aliandika mpaka viatu. Halafu akaanza kuandika mvua. Halafu akaandika wote hawajambo, na hakuna huko tuliyekuwa tunamjua. Nami nikawa namjibu kwamba huku pia mvua inanyesha. Halafu hakukuwa na barua. Wewe ulikuwa unauliza kama kule kusini kuna maembe.

Kwa hiyo leo sikuulizi kabila lake, wala kanisa, wala kimo. Nauliza neno moja tu na unijibu bila kupitia mlimani. Nani anatia chumvi?

Mama yako,
Edina


Morogoro,
30 Julai 1995

Mama,

Shikamoo. Chumvi natia mimi.

Kiwanda kilifungwa Septemba ya mwaka jana, kabla hujaandika habari za mbuzi. Tuliitwa uwanjani, tukasomewa majina, aliyesikia lake akatoka na geti likabaki nyuma yake. Nilikuwa fundi wa mitambo miaka minane nikasikia langu. Wanasema mwekezaji anakuja. Mpaka leo amekuja mlinzi mmoja na mbwa. Nilikuandikia ni shwari, na kweli ni shwari, popo wanaingia kwa madirisha.

Mhandisi aliyeniuzia chungu alikuwa wa hapohapo kiwandani. Na mwenzangu, mama, ni hicho chungu. Nilikuandikia kwa utani. Kisha barua yako ikaja, ina vigelegele ndani, na nilikuwa sijakupa furaha yoyote kwa muda mrefu. Nikashindwa kukunyang'anya. Kila ulipomsalimu nilikwenda nikamsalimu, usidhani nilikuwa natupa salamu zako. Umeme ulimuunguza nyaya za ndani, fundi amemtengeneza, sasa namtumia kulainishia tu, rojo lenyewe nalimalizia kwenye mkaa kama ulivyosema. Ninakoroga mimi.

Naishi kwa hilo rojo. Nawapelekea wenye migahawa pale stendi, na walimu, hata yule wa shati jeupe amerudi. Lile neno siagi limenitesa. Mama mmoja alinunua chupa akampaka mtoto nywele, nyuki wakamfuata mpaka kliniki. Ulisema nifute, ningesikia mapema.

Kitu kingine nikuambie. Madukani sasa kumejaa jemu kutoka Afrika Kusini, chupa nzuri nene, vifuniko vinabana. Watu wakishakula wanatupa. Mimi naziokota, nazichemsha, natia humo rojo lako. Nikizigeuza kichwa chini nafikiri, kutoka kule alikokwenda baba kumbe kuna kitu kinachorudi, japo ni chupa.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa ukinitaja kanisani. Najua sasa nimekuaibisha mara mbili, kwa kazi na kwa mkwe. Kanga nitamkabidhi Othmar akipita, airudishe. Haijafunguliwa mkunjo.

Aidan


Liuli,
27 Agosti 1995

Mwanangu,

Nimesoma. Nimepika ugali, nimekula, ndipo nikachukua kalamu, usidhani nimeandika na njaa.

Umoja nimeshawaambia. Mama Getrude, aliyenifuata ingawa si wa kanisa letu, alitaka kunisaidia kusema nikamwambia akae. Nikasimama, nikasema mkwe wangu ametoka Ulaya, ni mfupi, ana tumbo kubwa, mzito wa kubeba, hana mdomo, na akishapata joto haachi kazi mpaka asubuhi. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama Aidan, huyo ni mke au chungu?" Nikasema ni chungu. Wakacheka mpaka Mchungaji akatoka ofisini. Mama Getrude ndiye aliyecheka wa mwisho na alikuwa anafuta machozi, akasema afadhali wewe wako hana kengeza. Basi, hiyo aibu uliyokuwa unaibeba tangu Septemba sisi tumeimaliza kabla ya wimbo wa kufunga. Chupa yako ya pili tumeila hapohapo na mihogo. Wanauliza kama unaweza kuwaletea vifuniko vinavyobana.

Kiwanda pole. Miaka minane si midogo. Nimemwambia Mama Getrude kwamba redio yake ilisema kweli, na amekuwa hashikiki.

Novemba maembe yataanguka tena, na huku hakuna wa kuyazoa, yanaliwa na nguruwe wa watu. Njoo. Panda na Othmar. Mwenzako mlete, umeme hatuna, lakini atakaa pembeni atazame wenzake wa udongo wanavyofanya kazi. Utatuonyesha namna ya hizo karatasi za kubandika, ila uandike rojo.

Kanga usimpe Othmar. Ameapa kuitia mkononi mwa mpishi, na sasa mpishi tumemjua, kwa hiyo fungua mkunjo, jifunge kiunoni. Pera halitoki kwenye suruali. Maandishi usiyaonee haya, yasome kama yalivyo, mimi niliyachagua kabla ya kujua ni nani, na hata ningejua nisingechagua mengine.

Na barua zako kuanzia leo anza na kazi. Mvua, mlima na paka vikae mwishoni. Shikamoo yako nitaikuta hukohuko chini, nitaiitikia.

Mama yako,
Edina